Siku Yai Lilipotulia Mezani

Jumanne nyumba yetu ilikuwa inaelea.

Jumatano asubuhi nilitoa yai kwenye kikapu, nikaliweka mezani huku natafuta kikaango. Nilipogeuka, yai lilikuwa pale pale.

Utasema, sasa ajabu iko wapi, yai si limekaa mezani?

Ngoja nikueleze. Nilikuwa nimepika kwenye meza ile miaka miwili na nusu, na hakuna yai lililowahi kutulia juu yake. Boti ikipita, linabingirika. Mtu akitembea barazani, linabingirika. Mayai yangu nilikuwa nayalaza ndani ya vikombe kama wagonjwa.

Asubuhi ile likatulia kama limegandishwa kwa gundi.

Nikatoka barazani, nikatazama chini. Palipokuwa na mto palikuwa na matope meusi yanayong'aa, na kambare mmoja anajigaragaza akitafuta maji yalikokwenda.

Nyumba imekaa chini kama kuku anayeatamia.

Kuanzia siku hiyo mto mzima wa Tarumã ulimcheka mume wangu. Unamcheka mpaka leo. Ndiyo maana naandika.

Mimi naitwa Zuleide. Nina miaka sabini na moja, shule niliishia darasa la nne, na haya nayaandika kwa kidole kimoja kwenye simu, kwa hiyo mnivumilie.

Mume wangu ni Anselmo. Alikuwa rubani wa meli za mtoni, zile zinazobeba abiria wamejilaza kwenye bembea zao siku tatu, siku nne. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na nane. Hajawahi kukwamisha meli kwenye fungu la mchanga, hata mara moja. Mto ukipungua, marubani vijana walikuwa wanamngoja apite kwanza, wao wafuate nyuma.

Shika hilo kichwani, tutarudi.

Tuna watoto watatu. Valdenor mkubwa ana duka la vipuri vya pikipiki. Rosinete ni muuguzi. Jander, kitinda mimba wetu, ni mtu wa kompyuta, na simu haimtoki mkononi.

Kama unakaa huku mjini kwetu Manaus unajua habari za wikiendi. Kila aliyejiweza kidogo anataka nyumba ya kuelea. Nyumba ya mbao, chini yake magogo manene ya mti wa asaku, imefungwa kamba ufukweni. Unakwenda Jumamosi, unaogelea, unachoma samaki, unafungulia muziki, Jumapili jioni unarudi mjini.

Mimi nilizaliwa kwenye nyumba kama hiyo. Enzi hizo ukisema unalala juu ya magogo watu wanakuhurumia. Siku hizi wanakuonea wivu. Acha tu.

Basi Valdenor akanunua. Ilikuwa ya rangi ya buluu, vyumba viwili, jiko, na baraza limeizunguka pande zote. Siku ya kwanza alitupeleka hatujui tunakwenda wapi. Mtumbwi ulipokata kona nikaona kibao kikubwa juu ya mlango, kimeandikwa kwa rangi nyeupe: PUMZIKO LA BIBI ZULEIDE.

Nililia, sidanganyi.

Valdenor akanishika bega. "Mama, umetulea kwa kufua nguo za watu. Sasa hapa kazi yako ni kukaa tu, upigwe upepo."

Kukaa tu.

Jumapili ya kwanza walikuja tisa. Kila aliyefika alinyoosha mkono, "Baraka, mama," "Baraka, bibi," nami najibu, "Mungu akubariki," mkono wangu umejaa magamba ya samaki. Maana samaki walikuwa wamenunuliwa wazima, na nani mwingine anajua kumpasua tambaki bila kumharibu mbavu?

Mimi.

Nani anajua wali wa Rosinete unatakiwa bila kitunguu, na wa Jander bila pilipili hoho, na maharage ya Valdenor yawe mazito?

Mimi.

Maji ya kuoshea vyombo unachota kwa ndoo, umepiga magoti barazani, unainama mpaka mgongo unalia. Mabomba hakuna. Wao wanaogelea mbele yako, wanakurushia maji kwa mapenzi, "Bibi, ingia basi." Nami nacheka, sufuria mkononi.

Kulikuwa na mlinzi wa kulipwa, akaacha kazi mwezi wa tano. Ikabidi mimi na Anselmo tuwe tunakwenda Alhamisi kufagia na kuandaa, na tunabaki mpaka Jumatatu kusafisha. Baadaye wezi wa mashine za boti wakazidi, watoto wakasema si vizuri nyumba kubaki peke yake. Tukahamia kabisa.

Nyumba yangu ya mjini, kule Compensa, ikabaki imefungwa. Mimea yangu kwenye makopo ikafa mmoja mmoja. Usingizi wangu wa Jumapili mchana, ule wa baada ya ibada, nimelala na gauni langu zuri, nikausahau.

Tisa wakawa kumi na wawili. Kumi na wawili wakawa kumi na tisa, maana kila mtoto alileta rafiki, na rafiki akaleta mkwe.

Miguu ikaanza kuvimba. Jioni nikivua kandambili, alama za mikanda zinabaki kwenye ngozi kama zimechorwa.

Utaniuliza, Bibi, kwa nini hukusema?

Ungesema wewe? Ungemwangalia mwanao usoni, kibao chenye jina lako kiko juu ya kichwa chake, halafu umwambie pumziko ulilonipa linaniua?

Nilishindwa. Kila Ijumaa najiambia wiki hii nitasema. Jumapili wanafika wanacheka, wananibusu paji la uso, nakosa pa kuanzia.

Sasa sikiliza habari ya mto.

Mto wetu kuanzia Julai unashuka. Unashuka kweli, mwaka mbaya unashuka urefu wa nyumba ya ghorofa tatu. Mwenye nyumba ya kuelea lazima ayafuate maji. Kila baada ya siku chache analegeza kamba, anaisukuma nyumba kuelekea kwenye kina, anafunga tena. Ukizembea siku mbili tu, maji yanaondoka, wewe unabaki. Na ukishakaa, umekaa. Hakuna trekta, hakuna kuvutwa na boti. Unasubiri mto urudi, na mto haurudi kabla ya mwaka mpya.

Watu wa mjini wanaokalisha nyumba zao kwenye matope ni wengi, kila mwaka wapo, tunawacheka. Mtoto wa mto hafanyi kosa hilo. Rubani ndiyo kabisa.

Jumatatu moja ya Septemba, Anselmo alikwenda mjini kubadilisha mtungi wa gesi. Mimi nilikuwa naosha vyombo vya jana yake, vya watu kumi na tisa.

Mzee Belarmino akapita na boti lake la kuuza barafu na petroli. Huyu mzee ni mtu mwema, ila mdomo wake ni redio. Akapunguza mashine.

"Bibi Zuleide, maji yanashuka vidole vinne kwa siku. Mwambie rubani wako aisukume nyumba ivuke ule mti mkavu, leo au kesho. Kesho ikipita, mmekaa."

Nikamwambia ahsante, nitamwambia.

Akaenda zake. Nikaendelea kusugua sufuria la maharage, lile kubwa lililoungua chini. Nasugua na nafikiri. Mmekaa. Hakuna boti litakalofika hapa. Hakuna watu kumi na tisa. Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba.

Nilihesabu Jumapili kwa vidole, vikaisha, nikarudia mkono wa kwanza.

Anselmo alirudi saa nane na mtungi begani. Akaushusha, akajifuta jasho, akaniuliza kama ninavyokuuliza wewe hali, bila uzito wowote:

"Kuna aliyepita?"

Nikajibu bila kuinua kichwa. "Hakuna aliyepita."

Jumanne alishinda anashona wavu. Hakutazama hata kile kijiti chetu cha kupimia maji, kilichochomekwa ufukweni. Nikasema moyoni, macho yake yamekwisha, maskini, na mimi ndiyo naitumia nafasi hiyo.

Jumatano, yai likatulia.

Jumapili ile watoto walikuja kwa miguu, kutoka maji yalikoishia, wanatembea kwenye matope kama robo saa, kila mtu amebeba chake. Walikuja sita tu. Wakwe na marafiki walipoona matope wakakumbuka wana shughuli nyingine.

Mzee Belarmino naye alikuja, ameshika kofia, kuangalia ajabu. Alizunguka nyumba, akacheka mpaka akakohoa.

"Rubani wa Nchi Kavu," akasema.

Jina likashika hapo hapo. Kabla jua halijazama lilikuwa limefika kwenye duka la petroli, kanisani, mpaka sokoni kwa wauza samaki.

Halafu Belarmino akasema lile ambalo nilikuwa naliomba Mungu alisahau. Akawaambia watoto kwamba yeye alionya. Jumatatu. Ujumbe alimwachia mama yao.

Wote wakanigeukia.

Rosinete akaniuliza taratibu, kwa sauti yake ya wodini. "Mama, ulimwambia baba?"

 Naapa nilifungua mdomo niseme kweli, na hakuna kilichotoka.

Anselmo alikuwa amekaa ukingoni, anang'oa matope kwenye kandambili kwa kijiti. Hakuinua uso.

"Aliniambia," akasema. "Mimi ndiye niliyesahau."



Aliyasema kirahisi hivyo, kama mtu anayesema amesahau kununua chumvi.

Rosinete akamtazama baba yake. Mama yeyote anajua macho ya mwanawe. Yale hayakuwa macho ya binti, yalikuwa macho ya muuguzi. Wakaenda pembeni watatu, wakanong'ona. Jioni Jander akachukua spana, akafungua pangaboi la mashine ya mtumbwi wa baba yake, akalifunga kwenye taulo, akaliingiza kwenye begi.

"Baba, ni kwa usalama wako. Mpaka daktari akuangalie macho."

Anselmo akasema, "Sawa."

Mtumbwi usio na pangaboi ni gogo tu. Mtu aliyepitisha meli kati ya mafungu ya mchanga miaka thelathini na nane, mwanawe amembebea pangaboi kwenye taulo lenye picha ya katuni. Alisimama barazani anawaangalia wanavyoondoka, mpaka wakawa wadogo kule mbali.

Mimi nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta kitu.

Wiki zikapita. Nitasema kweli, maana ndiyo sababu naandika: nililala. Nililala kama mtu aliyetolewa mgodini. Jumapili mchana nalala, Jumatatu mchana nalala. Uvimbe wa miguu ukashuka, nikaviona vifundo vya miguu yangu tena, nikavisalimia.

Tulikuwa wawili tu. Tunapika samaki mmoja. Tunaosha sahani mbili.

Kurudi Compensa hatukuweza, kwa sababu ya magogo. Asaku likikauka juani linapasuka, na likipasuka halielei tena. Anselmo aliyafunika magogo yote kwa magunia, na kila siku asubuhi na jioni anasukuma mkokoteni mpaka maji yalipo, anajaza madumu, anarudi anamwagia. Mzee wa miaka sabini na nne. Wapita njia wanapiga kelele kutoka mbali, "Rubani, unamwagilia nyumba ikue?" Yeye anainua kofia.

Ila nikawa nalala na kuamka na swali lile lile. Mwanaume huyu alisema uongo mbele ya wanawe ili anifunike mimi. Anajua nini? Kwa nini haulizi?

Daktari wa macho akampima. Mwezi wa kumi ulikuwa. Akasema macho ni mazima, kwa umri wake ni ya kujivunia.

Nikafurahi. Nikadhani pangaboi litarudi.

Rosinete akapiga simu, sauti ya chini. Alisema hilo ndilo linalomtisha zaidi. Kama si macho, basi ni kumbukumbu. Baba asahau ujumbe muhimu kama ule, tena yeye, tena kuhusu maji? Pangaboi likae kwanza kwa Jander.

Niliweka simu chini. Nikaenda nje.

Alikuwa upande wa nyuma, anamwagia magogo. Nikakaa kwenye ngazi. Nikasema bila salamu.

"Sikukwambia. Belarmino alipita, nikakwambia hakuna aliyepita. Nilitaka nyumba ikae. Nilitaka wasije."

Hakusimama. Alimwagia gogo lile mpaka mwisho, akaweka dumu chini, akalifunika kwanza, kwa sababu ndivyo alivyo.

"Najua," akasema. "Nilipishana na boti lake mtoni narudi na gesi, linatoka huku. Na mdomo ule haupiti bila kusema."

"Sasa mbona uliniuliza kama kuna aliyepita?"

"Nilitaka kusikia utasema nini."

Nikainamisha kichwa. Nikamwambia basi nimekukosea mara mbili, ulijua na bado ukaniacha, na nyumba hukuisukuma, na jina lako limeliwa na kila mwenye mdomo.

Akakaa kando yangu kwenye ngazi. Ananuka magunia.

"Bibi kizee," akasema, "hebu niambie. Haya magunia nimeyanunua lini?"

Nikafikiri.

Mimi ni mtu wa kukumbuka vitu. Magunia yalikuja siku ya kuzaliwa ya Rosinete. Anselmo alirudi kutoka mjini na keki mkono mmoja na robota la magunia mkono wa pili, nikamuuliza ya nini, akasema ya kuwekea unga wa muhogo. Nikamwambia unga wa kulisha kijiji?

Siku ya kuzaliwa ya Rosinete ni tarehe tatu Julai.

Tarehe tatu Julai mto ulikuwa umejaa mpaka kwenye matawi ya miti.

Akaendelea kuniuliza, kama mwalimu. Na wiki ile ya Agosti alipokuwa anashinda amezama kiunoni hapa chini, na panga, akasema ameangusha kisu chake? Kisu kilipatikana?

Hakikupatikana. Hakikupotea. Alikuwa anakata visiki. Anasawazisha.

Na nyumba ya Mama Creuza, jirani yetu aliyekalia matope wiki moja na sisi? Ile imelala upande, friji lilitembea lenyewe mpaka ukutani, mlango haufungi. Ya watu waliosahau hukaa hivyo.

Yetu yai halibingiriki.

 Nikamtazama mzee yule, matope mpaka magotini, na kofia yake ya meli iliyofifia.

"Anselmo. Uliikalisha makusudi?"

"Nilichagua mahali," akasema. "Kama mtu anavyochagua mahali pa kuweka kitanda cha mgonjwa."

Ndipo akanieleza. Mwezi wa tano, mlinzi alipoondoka, alikwenda dukani kwa Valdenor akamwambia mama yako amechoka, mpunguze watu. Valdenor akacheka, akasema baba, wewe ndiye umechoka, mama anafurahi, humwoni anavyocheka? Anselmo akanitazama wiki baada ya wiki nacheka na sufuria mkononi. Akajua mimi sitasema ng'o, na akisema yeye nitakataa mbele yao.

Kweli, ningekataa.

"Jumatatu ile nilikuwa bado nasitasita," akasema. "Ni nyumba ya mtoto. Ni jina langu pia. Nikasema nitamuuliza kama kuna aliyepita. Akiniambia kweli, naisukuma. Ukasema hakuna. Miaka arobaini na sita hujawahi kunidanganya hata bei ya nyanya. Nikajua umechoka kuliko nilivyofikiri. Nikaenda kushona wavu."

 Nilimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka magunia yakaanza kukauka, akainuka kwenda kumwagia tena.

Nilimwambia nitawaambia watoto. Akakataa. Akasema Valdenor aliinunua nyumba ile kwa moyo mweupe, akisikia wazazi wake walikula njama waikalishe ataumia maisha yake yote. Akanitaka niahidi kwamba mdomo wangu hautawaambia.

"Na wanavyokucheka?"

"Wanicheke. Kicheko chao hakileti sahani za kuosha."

Nikaahidi.

Mvua zilianza Desemba. Katikati ya Januari maji yakafika kwenye magogo, yakayalamba siku tatu. Siku ya nne, nakunywa kahawa, nyumba ikaguna, ikajinyanyua. Kijiko changu kikateleza mpaka ukingo wa meza. Hakuna gogo hata moja lililopasuka.

Valdenor akapiga simu mchana ule ule. Amesikia tumeelea. Jumapili wanakuja, wako kama kumi na wanne, mama andaa ule mchuzi wako.

Nilikuwa nimefanya mazoezi. Nilikuwa nimeyasema maneno yale kwa sauti, mbele ya kuku wa Mama Creuza.

"Njooni," nikamwambia. "Na mimi nitakuja. Mtanipitia Compensa baada ya ibada. Nitakuja na gauni langu zuri, sitabeba kitu. Valdenor mwanangu, nimechoka. Nimechoka tangu mwaka juzi."

 Akasema, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia sijui. Na kweli sijui.

Jumapili ile tulikula saa kumi. Wali umeungua, samaki nje mkaa ndani mbichi, maharage kama mawe ya mtoni. Nilikula vyote. Rosinete alipiga magoti barazani na ndoo, akaosha vyombo vya watu kumi na wanne. Alipomaliza alikuja kukaa miguuni kwangu, vidole vimekunjamana kwa maji.  Aliishika miguu yangu, akaikagua kama anavyokagua ya wagonjwa, akainamisha uso.

Sasa wanakuja mara moja kwa mwezi; siku nyingine tunailinda wawili tu, mimi na Anselmo. Wanapika wao. Imekuwa nyumba nzuri. Kibao changu kinasema kweli, angalau mara moja kwa mwezi.

Ila mtumbwi wa Anselmo bado umefungwa pembeni, mashine imeinamishwa, mahali pa pangaboi pamebaki msumari mtupu. Nikiwauliza watoto wananijibu kwa huruma, mama, hilo la baba ni jambo lingine. Wiki iliyopita Rosinete alimletea karatasi za mafumbo ya kuimarisha kumbukumbu. Aliyajaza yote wakati anangoja kahawa ipoe, akasema ahsante, mwanangu. Akaenda kukaa karibu na mtumbwi wake.

Anakaribia kutimiza miaka sabini na tano akiitwa Rubani wa Nchi Kavu, na yeye peke yake katika mto huu ndiye aliyeweza kuiketisha nyumba nzima kwenye matope bila yai kubingirika.

Nilimuahidi mdomo wangu hautasema. Nimetimiza. Kidole hakikuwemo kwenye ahadi.

Funzo langu ni dogo, wengine mtakuwa mnalijua tayari. Ukichoka, sema siku hiyo hiyo umechoka, hata kama kibao chenye jina lako kiko juu ya mlango. Usingoje mto ukusemee. Mto utakusemea kweli, lakini utamtoza mtu mwingine. Na nyinyi wenye mama anayecheka huku anaosha sufuria, itazameni miguu yake.

Valdenor mwanangu, usilie. Ulininunulia kwa moyo, nami nilipokea kwa moyo. Aliyekosea ni mimi niliyenyamaza.

Mzee Belarmino, najua utasomewa haya. Ukipita na barafu lako kesho, mwite baba wa watu kwa jina lake.

Na wewe Jander, unayesoma simulizi za kwenye simu mpaka chakula kinapoa. Baba yako hajasahau kitu chochote maishani mwake. Lile taulo lenye katuni liko juu ya kabati lako, mkono wa kushoto, nililiona nilipokuja Pasaka.

Jumapili njoo nalo. Na spana usisahau.